Nyumba ya Fairbanks ya Dedham na Sababu za Kusalimika Kwake

Nyumba ya ukoo wa Fairbanks, iliyoko katika mji wa Dedham, kilomita zipatazo 16 kusini-magharibi mwa Boston katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, inahesabiwa na wanahistoria wa ujenzi kuwa ndiyo nyumba kongwe kuliko zote za kiunzi cha mbao zinazosimama hadi leo katika Amerika ya Kaskazini. Ilijengwa kati ya mwaka 1637 na 1641, wakati koloni la Ghuba ya Massachusetts lilikuwa halijatimiza hata miaka 15, na ikakaliwa na ukoo mmoja kwa vizazi vinane hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Ukongwe huo ndio unaotajwa kwanza kila nyumba hii inapozungumzwa, lakini kwa mtafiti swali zito zaidi ni kwa nini imebaki, maana nyumba nyingi za rika lake hazikuanguka zenyewe, bali zilibomolewa na wenyewe pale wajukuu wa wajenzi walipopata fedha za kutosha kutaka dari zilizoinuka, madirisha mapana na kuta zilizopigwa lipu laini. Nyumba ya Fairbanks ilisalimika kwa kuwa warithi wake, kizazi hata kizazi, walikuwa na uwezo wa kuongeza chumba lakini hawakuwa na uwezo, wala pengine haja, ya kubomoa na kuanza upya; na hali hiyo ya katikati, isiyo ufukara wala utajiri, imeandikwa katika mbao zake waziwazi kuliko katika hati yoyote.

Historia ya nyumba haiwezi kutenganishwa na historia ya ardhi inayoibeba. Koloni la Ghuba ya Massachusetts liliasisiwa na Wapuritani, yaani Waprotestanti wa Uingereza waliotaka Kanisa la nchi yao lisafishwe ibada na vyeo walivyoviona kuwa mabaki ya Ukatoliki, nao walianza kuhamia kwa wingi kuanzia mwaka 1630. Ardhi waliyoikuta ilikuwa ya watu wa kabila la Massachusett, ambao ndio walioliachia jimbo jina lake, na ambao kati ya mwaka 1616 na 1619 walikuwa wamepukutishwa na magonjwa yaliyoletwa na meli za Wazungu kabla ya walowezi wenyewe kushuka. Hivyo mashamba yaliyofyekwa na kuonekana hayana mwenyewe yalikuwa, kwa sehemu kubwa, mashamba ya marehemu. Mji wa Dedham ulianzishwa mwaka 1636. Waanzilishi wake waliomba uitwe Contentment, yaani Ridhaa, lakini Baraza Kuu la koloni likaupa jina la mji mmoja wa Essex, na waombaji wakaridhika na jina wasilolichagua. Kila aliyepokelewa alitia sahihi agano la mji, ambalo lilimfunga kuishi kwa amani na wenzake na kupeleka magomvi kwa wasuluhishi, kisha akagawiwa kiwanja kulingana na hali yake: mwanamume mwenye mke alipewa ekari 12, zikiwamo 4 za ardhi ya majimaji, na asiye na mke alipewa ekari 8.

Miongoni mwa waliotia sahihi alikuwamo Jonathan Fairbanks, mtu wa upande wa Halifax katika Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, aliyefika Boston mwaka 1633 pamoja na mkewe Grace na watoto wao sita: John, George, Mary, Susan, Jonas na Jonathan mdogo. Hakuwa mtu wa cheo, wala hakuwa kibarua. Alikuwa wa lile tabaka la wakulima wenye ufundi mkononi, ambao waliweza kulipia nauli ya watu wanane kuvuka bahari na bado wakabakiwa na kitu cha kuanzia maisha. Jambo moja lililoandikwa katika kumbukumbu za kanisa la Dedham linamtofautisha na majirani zake: alikaa nje ya ushirika wa kanisa kwa miaka mingi, kwa sababu dhamiri yake ilisitasita juu ya desturi ya kutoa ushuhuda wa imani hadharani, na hakupokelewa hadi mwaka 1646, baada ya kuzungumzwa naye mara nyingi. Katika koloni ambalo haki ya kupiga kura za serikali ilitegemea uanachama wa kanisa, kusitasita huko kulikuwa na gharama yake, na ni vema kukumbuka kwamba nyumba hii ilijengwa na mtu ambaye wakati huo hakuwa raia kamili wa nchi aliyokuwa akiijenga.

Sehemu ya kwanza ya nyumba, ambayo ndiyo kiini cha jengo zima, ina ghorofa mbili, kila moja ikiwa na vyumba viwili vilivyotengwa na dohani moja kubwa iliyosimama katikati. Dohani ni njia ya matofali ya kupandishia moshi kutoka mekoni hadi juu ya paa, na katika nyumba za aina hii ndiyo uti wa mgongo wa ramani yote, kwa maana meko ya vyumba viwili hupeana migongo ndani yake na kugawana joto ambalo lingepotea kama yangewekwa kwenye kuta za nje. Katika makoloni ya Waingereza yaliyokuwa kusini, kama vile Virginia, ambako joto la kiangazi lilikuwa kero kuliko baridi, wajenzi walizisukuma dohani hadi ncha za nyumba. Huku kaskazini, ambako theluji hulala kwa miezi, waliukumbatia moto katikati. Mlango wa mbele hauingii chumbani moja kwa moja, bali unafungukia kijiukumbi chembamba kinachotazamana na tumbo la dohani, na ngazi ya kupandia juu imebanwa papo hapo. Ramani hii ilikuwa imeenea kusini na mashariki mwa Uingereza, walikotoka maseremala wengi wa koloni, na kutoka humo ikawa ndiyo nyumba ya kawaida ya New England kwa zaidi ya karne moja.

Vyumba viwili vya chini havikuwa na hadhi sawa. Kimoja kilikuwa chumba cha kazi, ambamo chakula kilipikwa na kuliwa, sufu ilisokotwa, watoto walifundishwa kusoma, na watu waliota moto jioni. Cha pili kilikuwa chumba cha heshima, na hapa msomaji wa leo hustaajabu kidogo, kwa sababu pamoja na kupokelea wageni ndimo kilimowekwa kitanda bora cha wenye nyumba. Katika karne ya 17 kitanda chenye godoro la manyoya na mapazia yake kilikuwa mara nyingi kitu cha thamani kuliko vyote ndani ya nyumba, na hakuna aliyeona haya kukionyesha, ilikuwa fahari. Vyumba vya juu vililaza watoto na watumishi, lakini vilikuwa pia ghala, ambamo nafaka, sufu na jibini vilihifadhiwa kando ya vitanda, na dhana ya mtu kuwa na chumba chake peke yake, ambayo leo inaonekana kuwa sehemu ya maana yenyewe ya nyumba, haikuwamo katika mawazo ya mjenzi wala ya mkewe.

Kiunzi ndicho kinachostahili kutazamwa kwa utulivu zaidi. Nyumba ya kiunzi cha mbao ni nyumba ambayo uzito wake wote hubebwa na nguzo na boriti zilizoungana kama mifupa ya mwili mmoja, huku kuta zikiwa ngozi tu ya kuzuia upepo, na kwa hiyo ukuta mzima unaweza kuvuliwa na kuvishwa upya bila paa kutikisika. Mbao zake ni za mwaloni, mti mgumu wa nchi za baridi, zilizochongwa mraba kwa shoka na tezo, chombo kilekile wanachokitumia mafundi wa majahazi wa Lamu na Pemba. Mwaloni ulichongwa ukiwa mbichi, kwa sababu ukikauka unakuwa mgumu hata kuvunja makali ya chuma. Mbao zilikaukia ndani ya jengo, zikajipinda na kubanana, na ndiyo maana viungo vya nyumba za namna hii huzidi kukaza kadiri miaka inavyopita. Hakuna msumari wa chuma uliotegemewa katika viungo hivyo. Ncha ya boriti moja ilichongwa kuwa ulimi, ubavu wa nguzo ukatobolewa tundu la kipimo kilekile, ulimi ukaingizwa tunduni, kisha kigingi cha mti kikapigwa kupitia vyote viwili. Kwa desturi ya maseremala wa zama hizo, kazi yote ya kupima na kuunganisha ilifanywa chini uwanjani, kila kiungo kikatiwa alama ya namba ya Kirumi ili kisichanganywe na kingine, halafu kiunzi kikafumuliwa na kusimamishwa upya mahali pake kwa nguvu za majirani wengi waliokusanyika kwa siku moja au mbili.

Katikati ya dari ya chumba hupita mhimili mkuu, gogo nene kuliko yote, ambalo hupokea ncha za boriti ndogo kutoka pande zote mbili. Mhimili huo ndio uliowezesha chumba kukaribia umbo la mraba, na hapo ndipo ulinganisho na nyumba za mawe za pwani ya Waswahili unapofaa, kwa kuwa kanuni ni ileile ingawa matokeo yanatofautiana. Mjenzi wa Lamu alitegemea boriti za mikoko, ambazo haziwezi kubeba dari nzito ya mawe na chokaa kwa upana unaozidi mita 3 hivi, na kwa sababu hiyo vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kimoja kikifuatwa na kingine kuelekea ndani. Mjenzi wa Dedham alikuwa na msitu wa mialoni yenye mapana ambayo huko Uingereza yalikuwa yakizidi kuadimika, naye akaupanua mwendo wa boriti zake. Kwa wote wawili, desturi ya familia kuhusu nani akae wapi ilijipanga ndani ya mipaka iliyowekwa kwanza na mti.

Chokaa ilikuwa kinyume chake. Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na matumbawe ya kuchomwa bila kikomo, ilhali walowezi wa Massachusetts hawakuwa na mawe ya chokaa ya kutosha hadi mwishoni mwa karne ya 17, wakawa wanachoma magamba ya chaza na kome na kuitumia chokaa hiyo kwa uchoyo, mara nyingi katika sehemu ya dohani inayotokeza juu ya paa, ambako mvua ingeuyeyusha udongo. Sehemu za ndani za dohani ziliunganishwa kwa udongo wa mfinyanzi. Nchini Uingereza nafasi kati ya nguzo zilijazwa fito na udongo, kisha kiunzi kikaachwa wazi, na picha za nyumba nyeupe zenye milia myeusi ya mbao zinatokana na desturi hiyo. Huko New England udongo huo haukustahimili majira ambamo maji huganda usiku na kuyeyuka mchana, kwa hiyo walowezi wakauvika ukuta wote mbao nyembamba zinazolaliana kama magamba ya samaki, na sura ya nje ya nyumba ya Kiingereza ikabadilika ndani ya miaka michache bila mtu yeyote kukusudia kubuni mtindo mpya.

Paa nalo lina historia ya namna hiyo. Mteremko wake ni mkali sana, kwa sababu ulirithiwa kutoka kwa mapaa yaliyoezekwa kwa majani makavu, ambayo huvuja yakilazwa. Lakini mwaka 1631, baada ya moto kuteketeza nyumba za Boston, wakuu wa mji huo walipiga marufuku mapaa ya majani na dohani za mbao, na vigae vya mbao vikawa ndivyo vya kawaida katika koloni. Umbo likabaki baada ya sababu yake kuondoka. Kuhusu madirisha, vioo vilitoka ng'ambo na bei yake ilikuwa juu, kiasi kwamba Edward Winslow, mmoja wa viongozi wa koloni jirani la Plymouth, aliwashauri wahamiaji mwaka 1621 walete karatasi na mafuta ya kitani vya kuziba madirisha; na hata waliomudu vioo waliweka vipande vidogo vilivyoshikwa kwa risasi katika fremu nyembamba. Madirisha yenye vioo vikubwa vya mstatili yanayoonekana katika nyumba hizi leo ni ya karne zilizofuata, na mgeni anapaswa kuyafuta kichwani mwake ili apate giza la ndani kama lilivyokuwa, giza ambalo moto wa mekoni ulikuwa taa yake kuu.

Ndani ya giza hilo watu waliogopa. Katika mbao za nyumba ya Fairbanks zimekutwa alama za duara zenye petali sita, zilizochorwa kwa bikari, na viatu vikuukuu vilivyofichwa kwa makusudi ndani ya jengo, vitu ambavyo watafiti wa ujenzi wa Kiingereza wanavifahamu kuwa kinga dhidi ya uchawi na pepo wabaya, hasa sehemu zenye uwazi kama dohani na milango. Wahubiri wa Kipuritani walikemea ushirikina kila Jumapili. Seremala au mwenye nyumba alisikiliza, kisha akarudi nyumbani akachora duara lake. Hilo halipaswi kumshangaza mtu aliyeona hirizi juu ya kizingiti cha nyumba ya muumini mwema.

Tarehe ya ujenzi ilikuwa kwa muda mrefu suala la mapokeo tu. Ilisimuliwa katika ukoo kwamba kiunzi kililetwa kutoka Uingereza kikiwa kimekwisha kuchongwa, kikawekwa Boston kwa muda, kisha kikasimamishwa Dedham mwaka 1636, na masimulizi hayo yaliingia vitabuni. Utafiti wa pete za miti uliofanywa mwanzoni mwa karne ya 21 ndio uliokata shauri. Njia hii hutegemea ukweli kwamba mti wa nchi zenye majira ya baridi huongeza pete moja kila mwaka, pana katika mwaka wa mvua njema na nyembamba katika mwaka wa ukame, hivi kwamba mfuatano wa pete za eneo moja huwa kama maandishi yasiyojirudia. Mtafiti hutoboa boriti kwa keekee lenye tundu, akatoa kijiti cha mbao kisichozidi unene wa kalamu, akalinganisha mfuatano wake na ule uliokwisha kujulikana, na pale ambapo pete ya mwisho chini ya gome bado ipo, akautaja mwaka ambao mti ulikatwa. Boriti za Fairbanks zilionyesha miti iliyokatwa kati ya mwaka 1637 na 1641, na pete zake zililingana na za mialoni ya New England. Kiunzi hakikuvuka bahari. Inafaa kuongeza kwamba njia hii si rahisi kuihamishia kwenye majengo ya kale ya tropiki, kwa kuwa miti mingi ya huku, isiyopumzishwa na baridi, haiandiki miaka yake kwa mwandiko ulio wazi hivyo.

Jonathan Fairbanks alifariki mwaka 1668, naye Grace akamfuata mwaka 1673. Wakadiriaji wa mirathi walipita ndani ya nyumba chumba kwa chumba wakiandika vilivyomo, kama sheria ya koloni ilivyotaka, na orodha za namna hiyo ndizo zinazowafahamisha wanahistoria majina na matumizi ya vyumba ambavyo mbao peke yake zisingevieleza. Nyumba ilikwenda kwa John, mwana wa kwanza, na kuanzia hapo ramani yake ilianza kukua kwa kufuata mahitaji ya urithi kuliko mahitaji ya uzuri. Nyuma ya kiini kikajengwa kipenu, yaani chumba cha chini ambacho paa lake ni mteremko unaoendelea kutoka paa kuu hadi karibu na ardhi, nacho kikaongeza nafasi ya kazi za jikoni na maziwa. Mwishoni mwa karne ya 18 na karibu na mwaka 1800 zikaongezwa mbawa mbili, moja kila upande, zenye paa ambalo kila mteremko wake umevunjwa mara moja, ukianza kwa ulalo mdogo juu na kushuka wima chini, ili darini pawe na nafasi ya kusimama. Anayeitazama nyumba kwa mbele huona mapaa ya zama mbili yaliyokaa bega kwa bega bila kuelewana sana, na mgongo wa paa la kati umebonyea kama wa punda mzee.

Mbawa hizo hazieleweki bila kufahamu sheria na desturi za mirathi. Katika New England ya wakati huo, wasia wa mume mara nyingi ulimwachia mjane haki ya kutumia vyumba kadhaa vilivyotajwa kwa jina, kupita mlango fulani, kuteka maji kisimani na kuoka mkate katika tanuri, huku sehemu iliyobaki ikiwa ya mwana aliyerithi. Na mwana huyo alipooa, au dada asiyeolewa alipohitaji makao, paa moja lililazimika kubeba kaya mbili au tatu. Kuongeza ubawa kulikuwa njia ya kugawana bila kugawanyika. Watu wa pwani na wa bara la Afrika Mashariki, ambako kijana akioa hujengewa chumba uani, watalitambua tatizo hilo na suluhisho lake mara moja, ingawa wanahistoria wa usanifu wa Marekani walichukua muda mrefu kabla ya kuacha kuziita mbawa hizi uharibifu wa jengo la asili.

Kuhusu matukio ya ukoo wenyewe, machache yanatosha. Jonas, mwana wa Jonathan, alishtakiwa mwaka 1652 kwa kuvaa buti kubwa za fahari, kosa chini ya sheria iliyowakataza watu wenye mali isiyofikia pauni 200 kujivika kama mabwana. Mwaka 1676, katika vita ambavyo mataifa ya wenyeji yakiongozwa na Metacom, aliyeitwa na Waingereza Mfalme Philip, yalijaribu kuwarudisha nyuma walowezi, Jonas na mwanawe Joshua waliuawa katika mji wa Lancaster walikokuwa wamehamia; vita hivyo vilimaliza nguvu za wenyeji kusini mwa New England, na ardhi ambayo ukoo ulikuwa umeipata kwa mgawo wa mji ikabaki bila wa kuidai. Mwaka 1801 kijana Jason Fairbanks, aliyekulia ndani ya nyumba hii, alihukumiwa kwa kumuua msichana Elizabeth Fales, akatoroka jela, akakamatwa akielekea Kanada, na akanyongwa hadharani Dedham mbele ya umati mkubwa. Kesi hiyo ilizaa vitabu na vijarida vingi, na kwa muda fulani nyumba ilijulikana zaidi kwa jina la mnyongwa kuliko la mjenzi.

Kipindi kilichoamua hatima ya nyumba kilikuja baada ya hapo, nacho kina kelele chache. Dada watatu wa ukoo huo, Prudence, Sarah na Nancy, hawakuolewa, nao waliishi ndani ya nyumba hiyo kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, wakati Dedham ilipokuwa ikigeuka mji wa viwanda vya nguo na reli na majirani walipokuwa wakibomoa nyumba za mababu. Baada yao nyumba ikamfikia Rebecca Fairbanks, mtoto wa ndugu yao. Wanawake wasio na waume wala mishahara hawajengi mbawa mpya. Huziba panapovuja na kuendelea. Kila ambacho ndugu tajiri angekifanya kwa nia njema, yaani kubadili ngazi, kupanua madirisha, kuficha boriti nyuma ya lipu, wao hawakukifanya, na mwanahistoria anayefurahia leo kuona boriti zile wazi hana budi kukiri kwamba furaha yake ililipiwa na watu walioishi kwa kujibana. Vitabu vya wageni huwasifu wanaume waliojenga. Haki ingetendeka kama vingeanza na wanawake hawa wanne.

Ufinyu huo hatimaye ulimfikisha Rebecca pabaya. Mwaka 1892 radi iliipiga nyumba na kumuua mbwa wake, na katika muongo huohuo alilazimika kuiuza nyumba. Mwaka 1897, ilipokuwa katika hatari ya kuvunjwa, ilinunuliwa na mwanamke tajiri wa Boston pamoja na binti yake, Martha Codman, kwa lengo la kuihifadhi, na Rebecca akaruhusiwa kuendelea kukaa. Mwaka huohuo Lorenzo Sayles Fairbanks alichapisha kitabu kikubwa cha nasaba ya ukoo tangu 1633, na watu waliotawanyika kutoka Vermont hadi magharibi ya mbali wakagundua kwamba ni jamaa: miongoni mwao walikuwamo wa uzao wa Thaddeus Fairbanks, mvumbuzi wa mizani ya jukwaa iliyopimia shehena za biashara duniani, na Charles Fairbanks, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani kuanzia 1905. Chama cha ukoo kikasajiliwa, kikainunua nyumba mwaka 1904, Rebecca akahama, na nyumba ikawa makumbusho ambayo chama hicho kinaimiliki hadi leo. Ni jambo lisilo la kawaida kwamba mahali hapa hapakuwa mali ya serikali wala ya chuo. Warithi waliiuza kwa mlango mmoja wakairudisha kwa mwingine, safari hii wakiwa shirika.

Hadhi ya nyumba kuwa kongwe kuliko zote inahitaji kuwekewa mipaka yake. Ukongwe huo ni wa nyumba za kiunzi cha mbao. Huko New Mexico, wenyeji wa Taos na Acoma wanakaa katika majengo ya udongo na mawe ambayo asili yake inatangulia kufika kwa Mzungu yeyote Amerika. Huko Massachusetts kwenyewe, nyumba za wenyeji zilizoitwa kwa lugha yao “wetu”, zilizoundwa kwa fito zilizopindwa na kufunikwa magome ya miti au mikeka, zilikuwa zikihamishwa kulingana na majira ya kulima, kuwinda na kuvua, na kwa ubora huohuo wa kuhamishika hazikuacha kitu cha kutobolewa kwa keekee. Hata miongoni mwa walowezi, nyumba ya vyumba vinne yenye dohani ya matofali ilikuwa ya mtu aliyejiweza. Wengi walianza katika vibanda vya chumba kimoja, vilivyosimamishwa kwa nguzo zilizofukiwa ardhini, ambazo zilioza ndani ya miaka 20 au 30, na vibanda hivyo wanaakiolojia huvitambua leo kwa mashimo ya nguzo tu, mabaka ya udongo mweusi ndani ya udongo wa manjano. Mgeni anayetoka Dedham akidhani ameona jinsi walowezi walivyoishi ameona jinsi alivyoishi mmoja wao aliyekuwa na mwaloni wa kutosha, watoto sita wa kumsaidia kuuchonga, na wajukuu wasiokuwa na fedha za kuubomoa.